Hati ya Taiheiyo: mwanachama wa gofu aliyekuwa mkopeshaji bila kujua

Januari 2012 klabu ya gofu ya Taiheiyo, mojawapo ya majina makubwa katika mchezo huo nchini Japani, ilikwenda Mahakama ya Wilaya ya Tokyo kuomba kinga dhidi ya wadai wake. Wadai hao hawakuwa mabenki peke yake. Ukihesabu vichwa, wengi wao walikuwa wanachama wenyewe, watu ambao wikiendi iliyotangulia walikuwa uwanjani wakicheza na kula chakula cha mchana na wenzao. Hati ya uanachama iliyotunzwa nyumbani kama hati ya shamba ikaonekana kwa jina lake halisi: ilikuwa karatasi ya deni, na mdaiwa alikuwa anakiri mahakamani kwamba hawezi kulilipa lote.

Ninakichambua kisa hiki kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu kununua uanachama wa klabu huanza na kuishia kwenye bei. Imepanda? Imeshuka? Ninunue sasa au ningoje? Swali hilo lina maana, lakini ni la pili. La kwanza ni hili: pesa yangu ikishaingia klabuni, inakuwa nini? Inaweza kuwa ada iliyokwenda na hairudi. Inaweza kuwa hisa. Inaweza kuwa mkopo niliomkopesha mtu asiyenipa riba wala dhamana. Japani iliwahi kuwa na soko la uanachama wa gofu lililochangamka kuliko lolote duniani, lenye madalali, bei za kila wiki na kipimo chake kama cha soko la hisa, na bado swali hilo la kwanza wengi hawakuliuliza mpaka jibu lilipowafikia kwa njia ya mahakama.

Amana isiyo na riba

Klabu za mwanzo za gofu Japani zilikuwa vyama vya kawaida. Ya kwanza, Kobe Golf Club, iliundwa mwaka 1903 juu ya Mlima Rokko, matunda ya juhudi za mfanyabiashara Mwingereza Arthur Groom. Wanachama walichanga, klabu ikawa yao, na aliyeondoka hakudai kitu. Mambo yalibadilika baada ya 1957, Japani ilipoandaa Kombe la Kanada katika uwanja wa Kasumigaseki na wachezaji wake wawili, Torakichi Nakamura na Koichi Ono, wakalitwaa mbele ya mataifa yaliyodhaniwa hayashindiki. Gofu ikawa mchezo wa kila meneja na kila aliyetamani kuwa meneja. Mikataba ikaanza kupikwa uwanjani.

Shida ilikuwa ardhi. Nchi ni milima, tambarare zimejaa miji na mashamba ya mpunga, na kuchonga mashimo 18 kwenye ubavu wa mlima ni kazi ya fedha nyingi. Wawekezaji wengi hawakuwa na mtaji wa kutosha. Wakapata njia: mwanachama mtarajiwa ataweka amana kwa kampuni inayomiliki uwanja. Amana hiyo haitazaa riba. Itafungwa kwa muda, mara nyingi miaka 10 tangu uwanja kufunguliwa. Baada ya hapo mwanachama akitaka kuondoka, anaidai, na kampuni inamrudishia yote. Akiwa ndani, anapata haki ya kucheza kwa bei ya mwanachama na nafasi ya kuweka muda wa kuanza kabla ya wageni.

Kwa mwanachama hii ilisikika vizuri kuliko ada inayopotea. Kwa kampuni ilikuwa bora zaidi: mtaji bila riba, kutoka kwa maelfu ya watu ambao hakuna hata mmoja wao angekuja kukagua vitabu kama benki inavyokagua. Na hicho hasa ndicho kilichofanyika. Fedha zilizoingia hazikukaa mahali zikingoja mwaka wa kumi. Ziligeuka udongo, nyasi, bwawa, jengo la kifahari la klabu lenye mabafu ya maji moto, na mara nyingi uwanja mwingine ulioanza kujengwa kabla wa kwanza haujakomaa.

Taiheiyo ilianzishwa mwaka 1971 katika mazingira haya, ikiwa na uhusiano wa karibu na benki ya Heiwa Sogo, ambayo yenyewe iliyumba na kumezwa na Sumitomo mwaka 1986. Uwanja wake wa Gotemba, chini ya Mlima Fuji, ulifunguliwa mwaka 1977. Ni mahali pa kupendeza, na ninasema hivyo kwa makusudi. Hiki si kisa cha uwanja mbovu uliouzwa kwa maneno matamu. Uwanja ulikuwa mzuri tangu mwanzo na bado ni mzuri.

Bei mbili kwenye karatasi moja

Hapa panahitaji utulivu, kwa kuwa ndipo palipowapoteza watu wenye elimu na biashara zao.

Hati hizo ziliweza kuuzwa. Mwanachama hakulazimika kungoja miaka kumi wala kuiomba klabu chochote. Alikwenda kwa dalali, dalali akamtafutia mnunuzi, mnunuzi akapitia usaili wa klabu, akalipa ada ya kubadilisha jina kwenye daftari, basi. Kwa hiyo hati moja ilikuwa na bei mbili: kiasi cha amana kilichoandikwa vitabuni, na bei ya soko siku hiyo.

Tufanye hesabu ya mfano, tarakimu ni zangu. Klabu inafunguliwa na kuuza uanachama kwa yeni milioni 10, zote zikiandikwa kama amana. Miaka michache baadaye mwanachama wa kwanza anauza, na bei ya soko ni milioni 30. Mnunuzi anamlipa 30. Sasa fungua vitabu vya klabu: klabu inadaiwa kiasi gani na mnunuzi huyu? Milioni 10. Zile 20 zilizozidi zilikwenda mfukoni mwa muuzaji, na klabu haizitambui kabisa. Mnunuzi anaamini ana mali ya milioni 30. Alichonacho ni ahadi ya milioni 10 na matumaini ya milioni 20 kwamba atatokea mtu mwingine mwenye hamu kama yake.

Soko likiwa juu, mpango huu unakwenda bila kelele. Hakuna atakayeiomba klabu imrudishie 10 wakati dalali atampa 30. Muda wa miaka kumi unaisha, hakuna anayebisha hodi, na kampuni inaanza kuiona amana kama fedha yake. Kisha bei inashuka. Ikifika milioni 3, kila mwenye hati anaelekea upande mmoja: kwa nini niuze kwa 3 wakati klabu inadaiwa 10 zangu? Wote wanadai pamoja. Na klabu haiwezi kupata fedha kwa kuingiza wanachama wapya kwa milioni 10, kwa sababu huyo mpya naye anajua njia ya kwa dalali, ambako hati ile ile ni milioni 3. Deni linaitwa siku ile ile chanzo cha kulilipia kinapokauka.

Sijaona mpango wa fedha wenye kasoro iliyo wazi hivi ukipendwa na watu wengi hivi. Ni mfano wa benki iliyochukua akiba za watu ikazijengea mlima, ikitegemea kwamba hakuna atakayekuja kutoa.

Miaka ya wazimu

Kwa nini bei ilipanda? Benki Kuu ya Japani ilishusha riba yake hadi asilimia 2.5 mwezi Februari 1987 na kuiacha hapo mpaka Mei 1989. Fedha rahisi ilitafuta pa kwenda, ikaenda kwenye hisa, kwenye ardhi, na kwenye hati za gofu. Kampuni zilizinunua kwa ajili ya kuwakirimu wateja na kuziandika vitabuni kama mali. Mabenki yalizipokea kama rehani, hivyo hati moja ikamwezesha mtu kukopa na kununua nyingine. Kipimo cha bei za uanachama kilichochapishwa na gazeti la Nikkei kilianzia 100 kwa mwaka 1982. Mwanzoni mwa 1990 kilikuwa kinakaribia 950. Hati ya Koganei, klabu iliyo ndani ya jiji la Tokyo na yenye heshima kuu, ilifikia yeni milioni 400 hivi, fedha ambazo zingenunua majengo kadhaa kwingineko duniani.

Mtu aweza kusema walionunua kwa bei hiyo walikuwa wajinga. Mimi sisemi hivyo. Walikuwa wameona bei ikipanda kwa miaka mingi, jirani yao akitajirika, na mtumishi wa benki akiithibitisha bei hiyo kwa kukubali kukopesha juu yake. Kilichokosekana ni hesabu moja ya nyumbani. Tuseme uanachama unakuokolea yeni 10,000 kila unapocheza ukilinganisha na mgeni, na unacheza mara 30 kwa mwaka. Hiyo ni 300,000. Toa ada ya mwaka ya 50,000, inabaki 250,000. Hati ya milioni 30 itajilipa baada ya miaka 120. Hati hiyo hiyo kwa milioni 3 itajilipa baada ya miaka 12. Tofauti kati ya hesabu hizi mbili haitokani na uwanja, nyasi wala Mlima Fuji. Inatokana na imani kwamba kesho kuna mnunuzi.

Palipo na imani ya namna hiyo hapakosi mwizi. Klabu ya Ibaraki, iliyouzwa na mfanyabiashara Ken Mizuno wakati uwanja wenyewe ukiwa haujakamilika, iliahidi wanachama wasiozidi 2,830. Hati zilizouzwa zilipita 52,000. Watu hao wote wangegawana mashimo 18. Mizuno alihukumiwa kifungo cha miaka 11, na kashfa hiyo ilisukuma kupitishwa mwaka 1992 kwa sheria iliyokataza kukusanya fedha za uanachama kabla uwanja haujafunguliwa, isipokuwa kwa masharti maalumu, na iliyompa mnunuzi siku 8 za kujitoa baada ya kutia saini mkataba. Sheria nzuri, ila ilifika moto ukiwa umeshapita shambani. Wala haikugusa kasoro ya amana, kwa maana klabu halali kabisa zilikuwa na kasoro ile ile.

Taiheiyo nayo ilivuka bahari. Mwaka 1990 Mjapani mwingine, Minoru Isutani, alikuwa ameununua uwanja maarufu wa gofu wa Pebble Beach, California, kwa takriban dola milioni 841, akikusudia kurudisha fedha zake kwa kuwauzia Wajapani uanachama. Tume ya pwani ya California ikazuia mpango huo. Uwanja ule umekuwa wazi kwa kila mwenye kulipa ada ya siku, na watu wa pale hawakutaka kuona muda wa kucheza ukifungiwa wageni wa ng'ambo wenye hati. Bila hati hakukuwa na fedha, na mwaka 1992 Isutani akauza kwa dola milioni 500 hivi. Aliyenunua ni kampuni iliyohusisha Taiheiyo na benki ya Sumitomo. Mwaka 1999 kundi la Clint Eastwood, Arnold Palmer na Peter Ueberroth likainunua kwa dola milioni 820. Kwa hiyo walionunua baada ya kishindo, kwa bei iliyoanguka, walitoka vizuri. Ila biashara hiyo ya ng'ambo, hata ikiwa na faida, haikufuta amana zilizokuwa zikidaiwa nyumbani Japani.

Mwaka wa kumi

Soko la hisa la Tokyo lilifika kilele siku ya mwisho ya biashara ya 1989. Kufikia Agosti 1990 riba ya Benki Kuu ilikuwa asilimia 6, na serikali ilikuwa imeshabana mikopo ya ardhi. Bei za hati zilianza kuporomoka, zikaporomoka kwa zaidi ya mwongo mzima, mpaka zikapoteza zaidi ya sehemu tisa katika kumi. Idadi ya wachezaji, iliyozidi milioni 14 mwanzoni mwa miaka ya 1990, nayo ilipungua mwaka hadi mwaka. Kufikia 2020 haikufika milioni 6. Huku nyuma, viwanja vilivyopangwa wakati wa neema viliendelea kufunguliwa, kwa kuwa mlima ukishachongwa nusu huwezi kuurudisha. Mapema miaka ya 2000 nchi ilikuwa na viwanja vipatavyo 2,400.

Amana za klabu zilizofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 zilifunguka kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990. Wanachama wakaja na hati zao. Bodi za klabu nyingi zilijibu kwa kurefusha muda wa kufunga amana, miaka 10 mingine, kwa hoja ya hali ngumu ya uchumi. Mahakama zilikuwa zimeshaweka msimamo kwamba bodi haiwezi kumrefushia mwanachama muda bila ridhaa yake mwenyewe. Aliyekataa alishinda kesi. Ushindi huo ndio ulioiangusha klabu, kwa kuwa nyuma yake walisimama wengine mia.

Aprili 2000 ilianza kutumika sheria mpya iliyoruhusu kampuni iliyoelemewa kujikwamua chini ya usimamizi wa mahakama bila uongozi wake kuondolewa. Klabu za gofu ziliikimbilia. Kwa kawaida mpango ulikuwa hivi: amana inakatwa, mwanachama anabakiziwa asilimia chache, haki yake ya kucheza inaendelea, na mfadhili mpya anachukua uwanja. Wafadhili wakubwa walitoka Marekani. Benki ya Goldman Sachs ilikusanya viwanja vilivyokuja kuwa kampuni ya Accordia Golf, na mfuko wa uwekezaji wa Lone Star ukakusanya vilivyokuja kuwa vya Pacific Golf. Walinunua kwa bei ya chini mno milima iliyochongwa kwa fedha za wanachama. Vingine havikupata hata mnunuzi, na leo ukipita baadhi ya maeneo ya mashambani unakuta paneli za umeme wa jua zimetandazwa palipokuwa na nyasi za gofu.

Taiheiyo ilidumu kuliko nyingi. Novemba 2001, wakati klabu jirani zikianguka moja baada ya nyingine, Gotemba iliandaa Kombe la Dunia la gofu. Tiger Woods aliingiza mpira kutoka nje ya grini, ile nyasi fupi inayozunguka shimo, kwenye shimo la 18 na kuipeleka Marekani kwenye mchuano wa ziada, lakini kombe likachukuliwa na Waafrika Kusini Ernie Els na Retief Goosen. Picha za uwanja ule zilizunguka dunia. Mwanachama aliyezitazama angewezaje kuamini kwamba klabu yake haiwezi kumlipa? Umaarufu wa uwanja hauonyeshi afya ya kampuni inayoumiliki, na watu waliendelea kuchanganya mambo hayo mawili kwa miaka kumi na zaidi.

Kura

Kilichofuata baada ya Januari 2012 ndicho kinachokitofautisha kisa hiki na mamia mengine, na ndicho kilichonifanya nikipende.

Chini ya sheria ile ya 2000, mpango wa kuikwamua kampuni hupigiwa kura na wadai wasio na rehani. Ili upite unahitaji vitu viwili: wengi kwa idadi ya wapiga kura, na angalau nusu ya madeni kwa thamani. Mpango wa uongozi uliletwa pamoja na Accordia kama mfadhili. Wanachama wengi hawakuridhika. Waliona wanakatwa sana, na walihofu kwamba klabu yao itakuwa uwanja mmoja tu katika msururu wa viwanja vya kampuni kubwa, unaojazwa wachezaji wa siku ili mapato yapatikane, na kwamba muda wa Jumapili asubuhi waliouthamini hautapatikana tena. Wakajipanga. Wakaandikiana, wakakutana, wakatafuta mawakili. Oktoba 2012 mpango ukapigiwa kura, ukaanguka.

Kwa kawaida, mpango ukikataliwa, kampuni hufilisiwa na mwanachama hupata pungufu ya alichokataa. Wanachama wa Taiheiyo walikuwa wameliona hilo. Waliomba utaratibu mwingine, wa kuisuka kampuni upya chini ya msimamizi anayeteuliwa na mahakama, na mahakama ikakubali. Tofauti si ndogo. Katika utaratibu wa kwanza, mwenye rehani, kwa maana ya benki, yuko nje ya kura na anaweza kuuza mali aliyoshikilia. Katika utaratibu wa pili naye anafungwa na mpango kama wengine. Mfadhili mpya aliyepatikana, mwaka 2013, alikuwa Maruhan, kampuni kubwa ya pachinko, ile mashine ya mipira midogo ya chuma inayowakalisha Wajapani kwenye kumbi kwa saa nyingi.

Sisemi wanachama walirudishiwa amana zao. Hawakurudishiwa kama zilivyoandikwa. Walichookoa ni sauti katika kuamua nani atakuwa mwenye nyumba, na klabu iliyobaki klabu. Waliweza kwa sababu moja: siku ile waligundua kwamba wao ni wadai, na mdai ana kura. Miaka yote 40 kabla yake walijiona kama wageni waheshimiwa wa kampuni. Laiti wangejiona wadai mwaka 1989, wangeuliza maswali ambayo mkopeshaji yeyote wa mtaani huuliza kabla ya kutoa hata elfu kumi: unadaiwa na nani mwingine, nani yuko mbele yangu, umeweka nini rehani, na ukishindwa nitashika nini?

Mnunuzi angeweza kuona nini

Ningekuwa nakaa na mtu anayetaka kununua hati ya aina hii leo, Japani au kwingine, ningemwomba kwanza aachane na jedwali la bei za dalali kwa siku chache. Jedwali linaonyesha watu wanataka nini wiki hii. Halionyeshi klabu ina nini.

Ningemtaka azidishe amana kwa idadi ya wanachama. Ni hesabu ya dakika moja, na kwa klabu nyingi za Japani ingetosha kumaliza mjadala: wanachama 2,000 kwa amana ya milioni 10 ni deni la yeni bilioni 20. Kisha aulize uwanja unaingiza faida kiasi gani kwa mwaka, na kama faida hiyo inaweza kulipa deni hilo hata kwa miaka hamsini. Halafu atazame daftari la ardhi aone nani ameshika rehani. Benki iliyoandikishwa kwenye ardhi iko mbele. Mwenye amana yuko nyuma pamoja na muuza mbolea na fundi wa mashine za kukatia nyasi.

Japani kuna pia klabu ambazo mwanachama ni mwenye hisa za kampuni inayomiliki uwanja. Bei za hati hizo nazo zilianguka, kwa hiyo asidhani zina kinga. Lakini mwenye hisa hana deni la kudai siku moja na wenzake, hivyo klabu haiangushwi na wanachama wake wenyewe, na hakuna mgeni anayeweza kuinunua kwa bei ya kutupa bila wao kupitisha. Kushuka kwa bei kuliwaumiza wanachama wa aina zote mbili. Kupoteza klabu kuliwakuta zaidi wenye amana.

Na bei? Hapa nitakubaliana na wale wanaosema soko lililoshuka ni zuri kwa mnunuzi, kwa sharti kwamba ananunua mchezo na kwamba deni limeshasafishwa. Aliyeingia katika klabu iliyokwisha kupita mahakamani alilipa sehemu ndogo ya bei ya zamani kwa nyasi zile zile, na hakukuwa na mlima wa amana nyuma yake. Tangu janga la korona, vijana wengi wa Japani walipogeukia michezo ya nje, hati za klabu nzuri zimepanda tena. Sheria ya kodi, hata hivyo, haimbembelezi mwekezaji: tangu Aprili 2014 mtu binafsi anayeuza hati kwa hasara hawezi kuiondoa hasara hiyo kwenye mshahara au mapato yake mengine. Serikali ilishaamua kwamba hati ya gofu ni starehe.

Kwetu Afrika Mashariki, klabu nyingi za zamani za Nairobi, Mombasa au Kampala zimebaki katika mfumo ule wa Kobe: unapendekezwa, unangoja, unalipa ada ya kuingia, na hiyo fedha hairudi wala huwezi kumuuzia mtu nafasi yako. Wengi huulalamikia, wakisema ni fedha iliyotupwa. Mimi nauona mkataba ulio wazi, kwa kuwa kila upande unajua kilicholipwa kimekwenda. Panapohitaji macho ni kwenye miradi ya nyumba na gofu pamoja, kama ile iliyojengwa Vipingo huko Kilifi au chini ya Mlima Meru karibu na Arusha, ambako uanachama huja na kiwanja, na mnunuzi wa nyumba anakuwa na uhusiano wa fedha na kampuni inayomiliki nyasi. Kabla ya kusaini mradi wa aina hiyo, popote ulipo, mtu aombe kuonyeshwa kwa maandishi uwanja wenyewe umesajiliwa kwa jina la nani, ada ya mwaka inapangwa na nani, na mwendelezaji akiuza au akishindwa, haki ya kucheza inabaki na nani. Akiambiwa kuna sehemu ya fedha itakayorudishwa baadaye, aulize inawekwa wapi kuanzia leo mpaka siku hiyo, na ni nani mwingine mwenye ufunguo.

Gotemba bado inaandaa mashindano yake ya kila Novemba. Watazamaji wakipanga foleni kuingia asubuhi, baadhi yao ni wanachama wa tangu zamani, wenye hati iliyokatwa thamani na daftari lenye jina lile lile.